Mgahawa wa gatini: anza na mwezi, viti baadaye

Siku niliyofungua rasmi ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Nilikuwa nimefunga taa, nimepika, na kutuma ujumbe kwenye kila grupu la WhatsApp nililomo. Watu wakaja, wakakaa, wakatazama tope. Gati letu ni fupi, na maji yalikuwa yamerudi nyuma, ngalawa zimelala ubavu na mwani unanuka. Mzee mmoja alimaliza kahawa yake taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, mwezi hukuutazama?"

Sikuutazama, na mwezi ndio unaopanga maji. Ndiyo maana naanzia hapo.

Hatua ya 1: Soma maji kabla hujanunua hata kiti

Kaa gatini mwezi mzima na daftari. Andika saa ya maji kujaa, saa ya kupwa, upepo unapotokea na saa ambayo kivuli kinafika. Programu za simu zinazoonyesha saa za maji zipo, zitumie, lakini usiache kwenda mwenyewe, maana simu haitakwambia tope la gati lako linaanza kuonekana saa ngapi.

Huku Tanga, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 40 hadi 50. Piga hesabu: siku ya tatu au ya nne ya bamvua, maji yanajaa karibu na magharibi. Hizo ndizo siku zako za kualika watu. Wiki moja mbele ni maji mafu, yaani yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Jioni yanapwa, na wewe unauza tope kama nilivyouza mimi.

Kuna jambo wengi hulikosea. Wanaandika kwenye matangazo "njoo uone machweo baharini". Pwani yetu ya bara inatazama mashariki! Jua linazama nyuma yako, huko kwenye mikonge. Kinachotoka baharini ni mwezi. Usiku wa mwezi 15, ukiwa mpevu, unachomoza karibu na magharibi, na usiku wa 16 unachelewa kidogo, giza likiwa limeshaingia. Basi uza mwezi. Tukio hilo halihitaji muziki wala mapambo. Mimi huzima taa zote isipokuwa moja ya jikoni, na watu wenyewe wananyamaza.

Hatua ya 2: Uliza gati ni la nani

Huenda ni la bandari, la halmashauri, la kijiji au la mtu binafsi. Pata ruhusa ya maandishi, leseni ya biashara, na vipimo vya afya vya wote wanaoshika chakula. Ukitaka kuongeza kibanda upande wa nchi kavu, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ufukwe, kwa hiyo usichimbe msingi kwanza ndipo uulize. Na hata ukiwa na karatasi zote, gati ni njia ya wavuvi. Acha upenyo wa mtu mwenye tenga la samaki begani kupita bila kuomba radhi.

Hatua ya 3: Ingia chini ya gati

Subiri bamvua, saa nne asubuhi maji yametoka, uingie chini na nyundo. Gonga kila nguzo. Iliyo nzima inalia kavu, na iliyoliwa na wadudu inalia kama debe. Nguzo mbili zetu zililia kama debe, tukabadilisha kabla ya kupandisha meza. Tumia skrubu zisizoshika kutu. Misumari ya kawaida nilipiga Januari, na kufikia Agosti vichwa vilikuwa vinabaki mkononi.

Jiko kubwa liweke nchi kavu. Gatini panda na birika la kahawa tu, na jiko lake dogo la mkaa likae ndani ya karai la mchanga, kwa sababu upepo wa kusi ukirusha cheche moja kwenye mbao kavu, umekwisha. Maji machafu yaingie kwenye pipa. Ukiyamwaga baharini, wateja wataogelea ndani yake.

Hatua ya 4: Menyu nayo ifuate mwezi

Bamvua ndiyo msimu wa pweza. Maji yakitoka, kina mama wanakwenda mwambani, na saa saba mchana pweza yuko mlangoni kwako. Usinunue mdogo wa chini ya gramu 500, kanuni za uvuvi zinakataza. Mponde, kisha mchemshe kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, bila chumvi, mpaka uma uingie pasipo kulazimisha. Ndipo umpake ndimu, pilipili na kitunguu saumu, umpitishe juu ya mkaa. Supu iliyobaki usimwage, ina watu wake.

Siku za maji mafu pweza hakuna, na mimi naandika ubaoni "hakuna". Siku hizo ni za kachori, mihogo ya nazi na juisi ya machungwa ya Muheza. Kahawa chungu na kashata ziko kila siku.

Hatua ya 5: Wenyeji kwanza

Mgeni akifika mahali pasipo na mtu, anapiga picha anaondoka. Akikuta wazee wanacheza bao, anavuta kiti. Kwa hiyo bao niliweka mimi, na kahawa ya wazee kabla ya alasiri ni nusu bei. Vijana wa bodaboda wanaoleta abiria wanapewa kikombe bure, na hakuna tangazo lililowahi kuniletea watu kuwazidi.

Kwenye Ramani za Google weka picha ya maji yakiwa yamejaa, na urekebishe saa za kufungua Ramadhani inapoingia, kwani mchana tunafunga na baada ya futari ndipo kunajaa. Kwenye simu ujumbe wangu ni mfupi: "Leo maji saa 11 na nusu. Mwezi saa 1. Pweza yupo." Picha naongeza nikiwa na bando.

Hatua ya 6: Masika

Aprili na Mei usishindane na mvua. Mimi nateremsha turubai, nahamishia meza nchi kavu, nabaki na birika na benchi moja chini ya mwembe. Mbao nazipaka sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka majahazi. Zitanuka wiki mbili, na wiki hizo mbili wateja hawapo hata hivyo.