Kurasa mbili kwa sauti

Kama utotoni ulipenda vitabu na sasa kila riwaya inakushinda ukurasa wa tano, soma kurasa mbili za mwanzo kwa sauti, kisha endelea kimya. Nimelijaribu jambo hili barazani hapa Lamu baada ya alasiri, kidole kikifuata mstari kama enzi za chuoni, yaani madrasa. Wengi wetu tulianza kusoma kwa sikio: Kurani kwa mwalimu, tenzi kwa bibi. Sauti haikuachi uruke maneno, na mwandishi unamzoea upesi. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, shairi refu lenye mizani (silabi) 8 kila kipande cha mstari, ndio unaonoga hasa. Huo usome wote kwa sauti. Njia hii haifai kwa vitabu vya takwimu, wala ukiwa umechoka: koo litakauka ukiache kitabu mapema zaidi.