SOMO: Kijana kamaliza Kidato cha Nne, afanye nini kabla ya kuchagua chuo au tahasusi (mchepuo wa masomo ya Kidato cha Tano)

Wapendwa wanachama wa kundi hili, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi katika sekondari moja hapa Dar, upande wa Temeke. Kila Novemba mtihani wa NECTA ukiisha, wazazi huniuliza, "Mwalimu, huyu asome nini?" Mimi huanza na swali jingine: ameona kazi gani?

Waulize wanafunzi wanataka kuwa nani, utasikia daktari, injinia, mwanasheria, mhasibu, rubani. Kazi nzuri zote. Lakini kwenye hospitali hiyohiyo anayoiota kuna mtu wa maabara, mtu wa mionzi, mfamasia, fundi wa vifaa tiba na mtunza kumbukumbu. Kapishana nao kwenye korido miaka yote, hajawahi kuuliza wanafanya nini. Mtoto hawezi kuchagua kitu asichokijua.

Toka mtihani uishe hadi Kidato cha Tano kianze Julai kuna zaidi ya nusu mwaka. Muda huo utumieni hivi.

Hatua ya 1: Daftari la kazi. Wiki moja aandike kila kazi anayoiona, kuanzia mtaani kwenu hadi Kariakoo. Akipanda Mwendokasi asiishie kwa dereva. Nani anapanga ratiba? Nani anatengeneza basi likiharibika? Mbele ya kila kazi aandike kama mtu huyo anashinda na watu, na vitu au na namba. Mwisho wa wiki mtaona wenyewe jicho lake linaenda wapi.

Hatua ya 2: Kukaa na mtu kazini. Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiparuke. Achague kazi mbili au tatu kwenye daftari, kisha mzazi atafute mtu: jirani, ndugu, mwenzako wa kikoba, muumini mwenzako. Omba kijana akae naye siku chache, asaidie vitu vidogo na kutazama. Nenda naye siku ya kwanza, umkabidhi kwa heshima.

Binti mmoja niliyemfundisha aliwekwa kwa fundi wa viyoyozi. Alikuwa na uhakika kwamba anataka kazi ya ofisini. Fundi akafungua kiyoyozi, akaunganisha geji kwenye mabomba, akasoma presha kabla hajagusa gesi. Binti akauliza kwa nini mshale umeshuka vile, na maelezo aliyopewa yalikuwa fizikia ileile aliyoikariri darasani bila kuona kazi yake. Aliporudi kunisalimia, maswali yake yote yalikuwa ya majokofu.

Mfundishe maswali ya kuuliza. Siku yako inaendaje toka asubuhi? Ulisomea wapi, na ungerudi nyuma ungesoma nini? Kipi kinakuchosha? Kuhusu fedha, asimuulize mtu mzima mshahara wake. Aulize anayeanza kazi hii hulipwaje: kwa mwezi, kwa siku au kwa kazi? Hilo watu hujibu bila kinyongo.

Hatua ya 3: Soma matangazo ya kazi. Fungueni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tafuteni kazi aliyoipenda, mwende moja kwa moja kwenye sifa za mwombaji. Mtajua kama inataka cheti, stashahada au shahada. Angalieni pia usajili: muuguzi lazima awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na fundi umeme anayefunga nyaya majumbani anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wazazi wengi hulijua hili baada ya ada kulipwa.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo chuo. Kwa vyuo vya kati tumieni mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, na mhakikishe chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imo. Utabibu, kwa mfano, unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Anayekwenda Kidato cha Tano aanzie mwisho arudi nyuma: uhandisi chuo kikuu unahitaji Hisabati na Fizikia, kwa hiyo CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) haitamfikisha. Kama alijaza tahasusi kwa kufuata marafiki, mfumo wa Selform wa TAMISEMI hufunguliwa baada ya matokeo ili abadilishe. Muda wake huwa mfupi, kwa hiyo uamuzi uwe tayari.

Hatua ya 5: Fedha. Ada ni sehemu tu. Wekeni nauli, hosteli na vifaa. Wenye nia ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wahakiki cheti cha kuzaliwa mapema kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

Ukiweza, Julai mpeleke Sabasaba kwenye banda la VETA, mamlaka ya ufundi stadi, na Mnazi Mmoja ambako TCU, tume ya vyuo vikuu, hufanya maonesho ya vyuo vikuu. Mwache yeye aulize, wewe simama pembeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Mwanangu kapata Divisheni Four ya pointi 30, ana D tano. Baba yake anataka arudie mtihani wote.

Jibu: Marahaba mama. Toa kwanza somo la dini, maana vyuo havilihesabu, kisha hesabu D zilizobaki. Zikibaki D nne, kozi nyingi za cheti za vyuo vya kati ziko wazi kwake, na kutoka hapo anapanda hadi stashahada na hata shahada. Kama kazi anayoitaka inadai somo alilofeli, arudie hilo tu kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akiendelea na ufundi. Mweleze baba kwa upole. Hofu yake ni kwamba mtoto atakaa bure, na hapa hakai bure.

Baba, Tabata: Binti yangu anataka ufundi magari. Ndugu wanasema nimemwachia sana.

Jibu: Ndugu yangu, mwache asome. VETA Chang'ombe wanafundisha, na Chuo cha Usafirishaji, NIT pale Mabibo, kina kozi za magari za ngazi ya juu zaidi. Ila gereji ya kujifunzia uichague wewe mwenyewe. Nenda ukaone: kuna choo chenye mlango unaofungika? Msimamizi anaongeaje na vijana wake? Binti anarudi saa ngapi? Ukiona mashaka, tafuta nyingine. Ufundi usiuhukumu kwa gereji moja.

Mwalimu, Kigamboni: Mwenzangu, nina mikondo mitano ya Kidato cha Nne. Nitawapeleka wapi wote hao kazini?

Jibu: Huwezi, na usijaribu. Waite wafanyakazi waje shuleni, ukianza na waliosoma hapohapo na wana miaka mitatu au minne kazini. Watoto huwasikiliza kuliko wakubwa. Waambie waje na vifaa vyao: seremala na randa, mpima ardhi na darubini yake, muuguzi na kipima presha. Hotuba dakika kumi, muda uliobaki wanafunzi washike na kuuliza. Omba Ijumaa mbili kila muhula, na barua kwa mkuu wa shule uipeleke sasa kabla ratiba haijapangwa.