Kabla ya Kuuza Konsoli ya Zamani: Jinsi ya Kujua Kama Gemu Zako Zitafanya Kazi Kwenye Mpya

Mchezaji wa Kampala, Jinja au Busia anayetaka kuuza konsoli yake, yaani mashine ya kuchezea gemu, kama PlayStation 4 ili anunue PlayStation 5 huwa na diski alizozikusanya kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi, na ni haki yake kuuliza kama zitaendelea kumfaa. Kwa maoni yangu, anaweza kutarajia gemu za kizazi kilichotangulia zifanye kazi, lakini za vizazi vya nyuma zaidi asizitarajie mpaka athibitishe.

Sababu iko ndani ya mashine yenyewe. Gemu huandikwa kwa ajili ya prosesa fulani, yaani chipu inayoendesha mashine, na konsoli yenye prosesa ya aina nyingine haiielewi mpaka mtengenezaji aweke kifaa au programu ya kuiga ile ya zamani. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilibeba ndani yake prosesa ya PlayStation ya kwanza, na baadhi ya PlayStation 3 za mwanzo, zilizotoka mwaka 2006, zilikuwa na vifaa vya PlayStation 2, ambavyo viliondolewa baadaye ili kupunguza gharama. PlayStation 4 ya mwaka 2013 iliiacha kabisa prosesa ya Cell iliyotumika katika PlayStation 3 na kuchukua muundo unaofanana na wa kompyuta za kawaida, ndiyo maana diski ya PlayStation 3 haichezi humo wala katika PlayStation 5. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, iliendeleza muundo huo mpya, na kwa hiyo inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4, ambazo ni zaidi ya 4,000.

Unapofika dukani, anza kwa kutazama kama mashine ina mahali pa kuingizia diski. Wengi hushawishiwa na bei nafuu ya PlayStation 5 ya dijitali au Xbox Series S, kisha wanagundua nyumbani kwamba diski zao zote hazina pa kuingia. PlayStation 5 nyembamba ya mwaka 2023 inaweza kuongezewa kisomaji cha diski kinachouzwa peke yake, ingawa siku ya kukiunga utahitaji intaneti. Nayo PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 huuzwa bila kisomaji.

Nenda na diski zako mwenyewe na umwombe muuzaji akuruhusu kuzijaribu, hasa ikiwa mashine imekwisha kutumika. Diski za PlayStation 4 na 5 hazibagui eneo zilikotengenezwa, lakini za PlayStation 2 hubagua, kwa hiyo mashine iliyotoka Japani itazikataa diski za Ulaya isipokuwa imefanyiwa marekebisho. Diski za kunakili, zilizozoeleka sana enzi za PlayStation 2, hucheza tu kwenye mashine iliyorekebishwa, na hakuna konsoli mpya itakayozikubali.

Kwa upande wa Xbox, mambo ni mazuri zaidi, lakini yana gharama yake. Tangu mwaka 2015 Xbox One imekuwa ikicheza baadhi ya gemu za Xbox 360, na mwaka 2017 zikaongezwa baadhi za Xbox ya kwanza. Xbox Series X, iliyokuja baada ya Xbox One, inaendelea nazo, isipokuwa zile zinazohitaji kamera ya Kinect. Gemu za mwisho ziliongezwa Novemba 2021, kwa hiyo isiyokuwamo katika orodha usiisubiri. Zaidi ya hayo, diski hizo za zamani hutumika kama ufunguo tu: mashine huipakua gemu nzima kutoka intaneti, na mtu anayenunua bando lazima alihesabu hilo katika bei ya konsoli. Kwa Nintendo, Switch 2 ya mwaka 2025 hupokea kadi nyingi za Switch, lakini Switch ya kwanza haikupokea diski za Wii U, konsoli iliyoitangulia.

Kabla PlayStation 4 haijatoka mikononi mwako, nakili kumbukumbu za gemu zako, yaani hatua ulizofikia katika kila gemu, kwenye flashi, kwa kuwa PlayStation 5 inaweza kuzipokea. Diski kuu ya nje (hard disk) yenye gemu za PlayStation 4 pia huhamishika na kuchezwa moja kwa moja. Kidhibiti cha zamani, kile cha kushika mkononi, kitatumika kwa gemu za PlayStation 4 pekee, na mwenye ukumbi wa kuchezesha gemu za mpira anapaswa kuliweka hilo katika bajeti yake, kwani gemu za PlayStation 5 zitamdai vidhibiti vipya kwa kila mchezaji.

Kwa gemu za PlayStation 3 unazozipenda, ushauri wangu ni kuitunza mashine ile ile: iondolee vumbi, iache ipumue nyuma na pembeni, na uiunganishe na stabilaiza, maana umeme unaopanda na kushuka huiharibu haraka.