Kulinganisha Kimo cha Bodi ya Pikapu na Trela la Gurudumu la Tano

Nikiletewa pikapu yenye michubuko juu ya kingo za bodi, karibu na mlango wa nyuma, huwa najua kilichotokea kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Alifunga kiti cha trela bodini (kile chuma chenye taya kinachoshika trela), akaunganisha, akaona pua ya trela imekaribia mno kingo. Akainua kiti tundu moja. Nafasi ikaonekana, akaondoka ameridhika. Safari chache baadaye, kwenye mtaro mmoja tu, mbao na mabati ya pua yakakutana na chuma cha pikapu.

Siwacheki. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa na alama hizo hizo, na nilikuwa nimeinua kiti mara mbili nikiamini natibu ugonjwa. Kumbe nilikuwa nacheza na kipimo kisicho na neno katika jambo hilo. Mwongozo huu unaanza na hesabu, spana zitafuata.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Trela la aina hii halivutwi na mpira ulio nyuma ya bampa. Pua yake inapita juu ya bodi ya pikapu, na kingpini yake, yaani pini nene ya chuma inayotokea chini ya pua, yenye kipenyo cha inchi 2 (milimita 50.8), inaingia kwenye taya za kiti kilichofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Jina lenyewe ni la enzi za magari ya farasi: gurudumu la ziada lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli iweze kugeuka.

Tunataka mambo mawili kwa pamoja. Trela lisimame mlalo, sambamba na ardhi. Na kati ya kingo za bodi na tumbo la pua ibaki nafasi ya sentimita 15 hivi. Chini ya 14 mimi sikubali, na kwa njia za mashimo nataka 18. Namba hiyo haikuokotwa. Mlango wa nyuma wa pikapu uko kama sentimita 130 nyuma ya kingpini; pikapu na trela zikipinda nyuzi 6 tu mahali zinapoungana, kama inavyotokea unapovuka mtaro au kupanda kutoka kwenye uwanja hadi barabarani, karibu sentimita 14 zinaliwa. Pikapu ikilala upande nyuzi 10 zaidi ya trela, ukingo ulio sentimita 80 kutoka katikati unapanda sentimita 14 nao.

Hatua ya 1: Pima trela likiwa peke yake

Tafuta sakafu iliyonyooka kweli. Uwanja unaoonekana sawa kwa macho mara nyingi una mteremko, kwa hiyo uhakikishe kwa pimamaji na ubao mrefu. Weka kabari kwenye matairi ya trela, hakikisha yana upepo wa kutosha, na pakia mizigo unayosafiri nayo kawaida. Kisha tumia miguu ya mbele kupandisha au kushusha pua mpaka trela liwe mlalo. Pimamaji iwekwe kwenye shasi, si kwenye sakafu ya ndani wala juu ya sanduku la kingpini, yaani mkono wa chuma unaoshika kingpini kwenye pua.

Likisha kutulia, chukua futi kamba upime namba mbili kutoka ardhini:

Tumbo: hadi chini ya pua, mahali mlango wa nyuma wa pikapu utakapokuwa, yaani kama sentimita 130 nyuma ya kingpini. Kama kuna bomba au taa inayoning'inia hapo, pima hadi kwenye hicho kilicho chini zaidi.

Bamba: hadi uso wa chini wa bamba ambalo kingpini imetokea. Si ncha ya kingpini. Kosa hili nimeliona hata kwa mafundi wazoefu.

Hatua ya 2: Pima pikapu ikiwa imebeba

Pikapu tupu itakudanganya. Trela la gurudumu la tano huegemeza pikapu kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake; trela la kilo 5,000 litaweka bodini kilo 750 hadi 1,250. Kabla ya kuendelea, soma kibandiko cha uzito kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kama uzito huo pamoja na abiria, kiti chenyewe na vifaa vyako unazidi kinachoruhusiwa, ishia hapo hapo. Hakuna kurekebisha kimo kutakakokuokoa.

Njia rahisi ya kupata mzigo sahihi ni kuunganisha trela pale pale uwanjani, bila kwenda popote, hata kama kimo bado hakijakaa sawa. Mradi tumbo halijagusa kingo, uzito unaoegemea kiti haubadiliki sana kwa tofauti ya sentimita chache. Jaza mafuta, weka watu, kunja miguu ya trela, kisha pima tena kutoka ardhini:

Kingo: hadi juu ya kingo za bodi karibu na mlango wa nyuma, pande zote mbili. Chukua upande ulio juu zaidi.

Kiti: hadi uso wa juu wa sahani ya kiti.

Pikapu nyingi hulala nyuma sentimita 5 hadi 8 zikibeba. Hizo ndizo sentimita ambazo watu husahau kuhesabu, wakamlaumu muuzaji.

Hatua ya 3: Hesabu yenyewe

Chukua Tumbo, toa Kingo. Jibu ndilo nafasi utakayokuwa nayo trela likiwa mlalo.

Angalia vizuri: Kiti hakimo katika hesabu hii. Bamba pia halimo. Trela likisimama mlalo, tumbo lake liko kwenye kimo chake, na kingo za pikapu ziko kwenye kimo chake. Vilivyoko katikati vinaunganisha tu. Ukiinua kiti huongezi nafasi bure, unalipa kwa kuinua pua na kuliharibia trela mlalo wake. Haya ndiyo niliyochelewa kuyaelewa.

Mfano wa kwanza: Tumbo 166, Kingo 148. Nafasi ni 18. Safi, nenda hatua ya 4. Mfano wa pili: Tumbo 158, Kingo 149. Nafasi ni 9. Huyu hata akibadilisha viti vitatu hatatoka hapo, aende hatua ya 5.

Hatua ya 4: Nafasi inatosha, sasa sawazisha Kiti na Bamba

Katika mfano wa kwanza, tuseme Bamba ni 128 na Kiti ni 133. Kiti kiko juu kwa sentimita 5, kwa hiyo pua itakaa juu. Huwa naanza na miguu ya kiti, kwa sababu ina matundu kadhaa na kazi yake ni nyepesi: tenganisha trela, fungua bolti, shusha kiti, funga. Tundu likiwa halianguki pale unapotaka, malizia kwenye sanduku la kingpini, ambalo nalo lina safu ya matundu kwenye shasi ya pua. Trela liegemee miguu yake wakati huo, na sanduku lishikiliwe na jeki, maana ni zito kuliko linavyoonekana. Pande zote mbili zitumie tundu la safu moja. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, si kwa hisia ya mkono.

Kama umelazimika kushusha sanduku, rudi uangalie kama linapita juu ya mlango wa nyuma wakati wa kurudi kinyumenyume. Mara nyingine utalazimika kuufungua mlango kwanza.

Hatua ya 5: Nafasi haitoshi

Hapa ndipo pesa na mawazo yanapoingia.

Kuinua pua kidogo. Tuone gharama yake. Trela lenye mita 7 kutoka kingpini hadi katikati ya ekseli, ukiinua pua sentimita 6, kwanza hupati zote 6 pale kwenye mlango wa nyuma. Unapata kama 5. Mkia ulio mita 3 nyuma ya ekseli unashuka sentimita 2.6, na ndio unaoburuza kwenye vilima vifupi. Na kwa ekseli mbili zilizoachana sentimita 85, ya nyuma inasukumwa chini kwa milimita 7 kuliko ya mbele. Kile kiungo cha kati kinachogawanya mzigo baina ya springi kinameza tofauti ndogo, lakini mwendo wake una mwisho. Ukifika, matairi ya nyuma yanabeba ya mwenzake. Mimi huvumilia pua iwe juu kwa sentimita 2 au 3. Zaidi ya 5 sifungi.

Kuinua trela. Hii ndiyo dawa. Kama ekseli imekaa juu ya springi za mabamba, inawezekana kuihamishia chini ya springi, na trela zima likapanda kama sentimita 10 hadi 15. Tahadhari moja kubwa: usiigeuze ekseli yenyewe juu chini. Ekseli nyingi za trela zimepindwa kidogo kwa makusudi, katikati ikiwa juu, ili zikibeba zinyooke. Ukiigeuza, matairi yatalika upande mmoja kwa muda mfupi. Kinachofanyika ni kuchomelea vikalio vipya vya springi upande wa juu wa ekseli. Kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomelea anayejua ekseli, anayekumbuka kulinda nyaya za breki na kupima kama ekseli zimebaki sambamba. Ekseli za mpira, zisizo na springi, hazihamishwi hivyo. Hizo huwekewa vipande vya chuma kati yake na shasi, na trela hupanda vilevile.

Trela likipanda, Bamba nalo limepanda, kwa hiyo rudia hatua ya 1 na ya 4. Pima pia kimo kipya cha paa hadi juu ya kiyoyozi, ukiandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva. Madaraja hayasomi mawazo.

Kushusha pikapu. Inawezekana kwa vipande vya kushusha springi, lakini sipendi kuikata miguu gari ya kazi.

Na mifuko ya hewa? Watu huifunga wakitaka pikapu isilale nyuma. Inasaidia taa zisiangalie angani na usukani usiwe mwepesi. Lakini inainua Kingo, yaani inakula nafasi ile ile unayoitafuta, na haiongezi hata kilo moja kwenye uzito unaoruhusiwa. Ukiifunga, jaza upepo kwanza, kisha upime.

Hatua ya 6: Unganisha na ujaribu

Wakati wa kurudi nyuma, bamba la trela liwe chini ya kiti kwa sentimita 1 au 2, ili kiti kiingie chini yake na kulinyanyua. Likiwa juu zaidi, taya zinaweza kushika ncha tu ya kingpini. Utadhani umefunga, kumbe trela linasubiri kuangukia kingo zako. Chungulia kwa tochi: kati ya bamba na kiti pasionekane mwanga. Funga kufuli, unganisha nyaya na kamba ya breki ya dharura. Miguu ikiwa bado imegusa ardhi na kabari ziko mahali pake, shika breki za trela na uvute mbele taratibu. Lisipochomoka, kunja miguu.

Pima shasi mbele na nyuma. Kisha nina kijaribio changu cha bei rahisi: matonge ya udongo laini yenye kimo cha sentimita 10, moja kwenye kila kona ya kingo karibu na mlango wa nyuma. Pita polepole kwenye mtaro na kona kali, mtu mmoja akitembea pembeni akiangalia. Kama matonge yamerudi mazima, mwendo wote haujakula zaidi ya sentimita 5 kati ya 15 zako. Yakirudi yamebonyea, pima kilichobaki. Chini ya sentimita 3, sogea hatua ya 5 hata kama hesabu ilikupitisha.

Baada ya kilomita 80 za kwanza, simama ukaze tena bolti za kiti, za sanduku la kingpini, na kama ulihamisha ekseli, zile bolti za U zinazoshika springi. Ukiwa chini pale, gusa matairi yote ya trela kwa kiganja. Ya nyuma yakiwa na joto kuliko ya mbele, pua bado iko juu.