Unataka kuishi kwenye trela ya fifwili ukistaafu Marekani? Anza na pikapu kwanza

Huku Marekani kuna wazee kibao wakishastaafu wanauza nyumba, wananunua trela kubwa na pikapu ya kuivuta, basi ndo makazi hayo, baridi wanashinda Arizona au kusini mwa Texas, joto likizidi wanapanda kaskazini. Kama na wewe unalifikiria hilo, iwe umeendesha malori miaka yote au hujawahi kuvuta kitu, nakuomba usianze kwa kwenda yadi ya kuuzia trela kuangalia sofa na feni za dari, maana ukishapenda jiko hesabu hutaki tena.

Fifwili ni ile trela ambayo shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu, pini yake inakaa kwenye hichi, yaani chuma cha kuungia trela, iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma, mfumo ni ule ule wa semi, yale malori makubwa ya trela. Ndo maana barabarani inatulia kuliko trela ya kufunga nyuma ya bampa, na ndo maana chumba cha kulala kinakuwa juu shingoni na sebule inakuwa na dari refu. Kwa mtu wa kuishi humo mwaka mzima naona ndo chaguo zuri zaidi, ila ina sharti moja, uzito mwingi unaukalisha mgongoni kwa pikapu.

Sasa hapa ndo watu wanaumia kwa hiyo tukae kidogo. Muuzaji atakwambia pikapu yako inavuta pauni 20,000 (pauni ya uzito, kama nusu kilo) na inaweza kuwa kweli kabisa, lakini kuvuta sio kubeba. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo utaona stika yenye njano inayosema watu na mizigo visizidi pauni kadhaa, hiyo namba ndo bosi wako. Pini ya fifwili inashusha kama asilimia 20 mpaka 25 ya uzito wa trela. Chukua trela ambayo uzito wake wa juu kabisa ni pauni 14,000, weka asilimia 22 unapata kama 3,080, hichi yenyewe 200, mzee na mama 350, vifaa na makorokoro ya nyuma 150, jumla 3,780. Pikapu nyingi za dizeli za daraja la 2500 au 250 (hizo ni namba za ukubwa kwenye jina la gari) zinaishia kwenye 2,000 na kitu, yaani hazifiki hata kama injini ina nguvu za kuhamisha mlima. Hapo unaongelea daraja la juu yake, 3500 au 350, na trela ikifika 16,000 kwenda juu mimi nasema chukua ile ya matairi manne nyuma, usibishane nayo.

Na ukipiga hesabu tumia uzito wa juu wa trela, sio uzito mkavu ulioandikwa kwenye brosha, kwa sababu mkavu maana yake hamna maji, hamna nguo, hamna sufuria, na wewe unahamia na maisha yako yote. Toa mkavu kwenye ule wa juu, kinachobaki ndo nafasi ya mizigo yako. Galoni moja ya maji ina pauni 8.34 kwa hiyo tanki la galoni 60 likijaa ni pauni 500, ukikuta trela ina nafasi ya 1,500 tu ujue imetengenezwa kwa watu wa wikiendi, kwa makazi ya kudumu tafuta 2,500 au zaidi. Ukishanunua na kupakia, pita kwenye mizani ya CAT Scale pale kwenye vituo vikubwa vya malori upime gari na trela, madereva wenzangu mnazijua.

Pia angalia urefu wa bodi ya pikapu. Ya futi 8 haina shida, ya futi 6 na nusu au chini ya hapo ukikata kona kali shingo ya trela inaweza kugonga kioo cha nyuma, utahitaji hichi ya kuteleza au umbo maalum la shingo.

Ukishajua gari lako linabeba nini ndo uingie ndani ya trela, na ukiingia mwambie muuzaji afunge slaidi zote, yaani zile kuta zinazosukumwa nje kuongeza nafasi. Zikiwa zimefungwa jaribu kufika chooni, kwenye friji na kitandani. Kuna trela nzuri mno ambazo slaidi zikifungwa hupiti, sasa uko njiani saa nane mchana mama anataka choo mtafungua nyumba pembeni ya barabara? Halafu kaeni humo saa nzima wote wawili mkifikiria siku ya mvua, huyu anakaa wapi na yule anakaa wapi. Simama bafuni, lala kitandani, panda zile ngazi za kwenda chumbani mara kadhaa, magoti ya miaka 62 sio ya miaka 75 na choo cha usiku kiko njia hiyo hiyo. Wapishi wa ugali na pilau nendeni na sufuria yenu kubwa, muione inakaaje kwenye jiko na kama feni inavuta moshi nje kweli.

Umeme chukua wa ampea 50, usikubali 30. Wa 30 unakupa wati 3,600 tu, wa 50 unakupa 12,000 kwa sababu una nyaya mbili za volti 120, na joto la Arizona linataka AC mbili. Kwa baridi, neno la misimu minne lililobandikwa ubavuni lisikutoshe, uliza kama tumbo la chini limefungwa na linapashwa joto mpaka kwenye matanki, na kama vioo ni vya tabaka mbili.

Urefu ni vita. Ya futi 40 ni nyumba kweli ila kempu nyingi za hifadhi za taifa zilijengwa zamani, hauingii, kwa wazee wawili wanaotaka kuzunguka mimi nashikilia 32 mpaka 36. Na leseni iulize mapema, Texas kwa mfano gari na trela vikizidi jumla ya pauni 26,000 unahitaji leseni ya Class A, ya magari mazito, isiyo ya biashara.

Iliyotumika haina ubaya, nyingine hazijaishi hata misimu miwili, lakini adui ni maji. Bonyeza kuta za pembeni na chini ya madirisha, ikibonyea au ukuta umevimba ondoka. Panda paa uangalie gundi. Tairi zina namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni, 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021, zikifika miaka mitano sita badilisha hata kama kashata zinaonekana mpya. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe, sio wa yadi.

Waranti isome kabla ya kusaini, kampuni nyingi zinaandika kwamba ukiishi humo moja kwa moja haikuhusu, na bima nayo itaje kwamba ni makazi ya kudumu.

Kingine ni anwani, yaani jimbo utakaloandikisha kama makao yako. Wengi wanachagua Texas, Florida au South Dakota kwa sababu hazina kodi ya jimbo ya mapato, na klabu ya Escapees kule Livingston, Texas inapokea barua za watu wa namna hii na ina sehemu ya kuwatunza wanachama wakishachoka mwili. Lakini wewe wa miaka 65 angalia Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kabla ya anwani, ile ya asili inapokelewa nchi nzima na daktari yeyote anayeikubali, ila plani nyingi za Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, zina madaktari wa eneo lao, ukiwa jimbo la tatu unabaki na dharura tu. Ulizia hilo kabla nyumba haijauzwa, maana ukirudi kwenye ile ya asili baadaye na kutaka bima ya nyongeza, kwenye majimbo mengi kampuni za bima zinaweza kukukatalia hiyo nyongeza kwa sababu ya ugonjwa.