Namna ya kuchagua begi la turubai la kubebea kamera litakalodumu

Mara nyingi begi la kamera la turubai hufa likiwa bado na kitambaa kizima. Kinachokufa ni ile sehemu ndogo, isiyozidi upana wa vidole vitatu, ambapo mkanda wa begani umeshonewa kwenye ubavu wa begi. Niliyajua hayo nikishuka kwenye pantoni upande wa Kigamboni nikielekea kupiga picha za harusi: mishono ya upande mmoja wa mkanda iliachia, begi likadondoka kwenye lami, na lenzi iliyokuwa chini kabisa ikapinda ukingo wake wa mbele. Nilipoligeuza begi lile nyumbani, nilikuta mkanda umeshikiliwa na mistari miwili tu ya uzi wa pamba, ilhali turubai lenyewe, ambalo ndilo lililonivutia dukani, halikuwa hata na mkwaruzo. Tangu siku hiyo naanza kulikagua begi kutoka kwenye mkanda, na kitambaa hukifikia baadaye.

Kabla ya hapo, hata hivyo, panga vifaa vyako vyote mezani na uvipime. Watu wengi hukisia uzito wa mzigo wao, na hukisia pungufu. Chukua mfano wa mpiga picha za harusi anayetumia Canon 5D Mark IV: kamera ikiwa na betri na kadi ina takriban gramu 890, lenzi ya milimita 24–70 ya toleo la pili yenye uwazi wa f/2.8 ina gramu 805, na ile ya milimita 70–200 ya toleo la tatu ina gramu 1,480. Hapo tayari umepita kilo 3. Ongeza flashi na betri zake, chaja, betri za akiba, chupa ya maji ya nusu lita na uzito wa begi lenyewe, nawe utakaribia kilo 6 zinazoning'inia kwenye bega moja. Uzito huo ni wa mtu aliyesimama. Unaporuka kutoka kwenye daladala ambayo haijasimama sawasawa, au bodaboda inapopita kwenye tuta, mkanda huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi ya hiyo kwa nukta moja, na nukta hiyo ndiyo inayokata uzi.

Sasa shika begi, ligeuze ndani nje kadiri linavyoruhusu, utazame mwisho wa mkanda. Mshono mzuri ni wa mraba wenye msalaba ndani yake, ulioshonwa kwa uzi mnene wa nailoni au poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jasho na unyevu hata kama haukuvutwa. Tazama pia kama upande wa ndani wa turubai umewekewa kipande cha pili cha kitambaa kigumu au ngozi, ili mzigo usibebwe na tabaka moja. Kuna jambo linalowapotosha wanunuzi wengi: mishono iliyosongamana sana huonekana imara, lakini kila tundu la sindano ni jeraha kwenye kitambaa, na matundu yakikaribiana mno turubai huchanika kwa kufuata mstari huo kama karatasi ya stempu. Hatua ya milimita 3 hadi 4 kati ya tundu na tundu inatosha kwa turubai zito.

Ufundi bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa mkanda usioishia ubavuni hata kidogo, bali unashuka upande mmoja, unapita chini ya kitako cha begi na kupanda upande wa pili. Kwa namna hiyo mzigo hukaa juu ya mkanda kama mtoto anavyokaa kwenye mbeleko, na mishono ya ubavuni hufanya kazi ya kuuzuia mkanda usihame tu. Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa begi la Domke, lililobuniwa katikati ya miaka ya 1970 na Jim Domke, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer nchini Marekani, na ndiyo maana mabegi hayo ya pamba tupu bado yanapatikana mitumbani yakiwa yamepauka kabisa lakini yanabeba mzigo. Mkanda uwe na upana wa sentimita 5 au unaokaribia hapo. Mwembamba zaidi utakata bega kabla ya chakula cha harusi kuandaliwa.

Tukija kwenye kitambaa, neno turubai lenyewe limekuwa na utata, kwa kuwa siku hizi watu wengi wakilisikia hufikiria yale ya plastiki ya kufunikia mizigo ya malori. Tunalolizungumzia hapa ni turubai la pamba lililofumwa kwa nyuzi nene zilizosokotwa, ambazo mtande na mshindio wake, yaani nyuzi za urefu na za upana, vimebanana. Uzito wake hutajwa kwa aunsi kwa kila yadi ya mraba au kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Turubai la aunsi 12, yaani kama gramu 400, linafaa kwa begi la vitabu. Kwa kamera nashauri lisipungue aunsi 16, na la aunsi 18, yaani kama gramu 610, ni bora zaidi. Ukiwa unanunua kitambaa kwa mita, muuzaji asipojua uzito, omba mizani: mita moja ya kitambaa chenye upana wa mita 1.5 ikiwa na gramu 900, basi una turubai la gramu 600 kwa mita ya mraba.

Begi likiwa limeshashonwa, huwezi kulipima hivyo, lakini vidole vitakusaidia. Weka kucha ya kidole gumba katikati ya nyuzi na ujaribu kuzisogeza. Zikitengana na kuacha upenyo, ufumaji ni mlegevu. Kisha sugua sehemu iliyofichika kwa nguvu kwa muda, utazame kama vidoleni kuna unga mweupe. Huo ni wanga uliotiwa ili kitambaa chepesi kijifanye kizito, nao utaondoka kwa mvua ya kwanza ya masika, begi likabaki limelegea kama gunia tupu. Mwisho, lowanisha leso nyeupe na uipangusie begi. Rangi ikihamia kwenye leso, itahamia pia kwenye kanzu na mashati yako meupe, na huo ni mtihani ambao mpiga picha za harusi wa Pwani hapaswi kuupuuza.

Sababu hiyo hiyo inanifanya niwe mwangalifu na turubai lililopakwa nta. Nta huzuia mvua vizuri sana, na katika nchi za baridi inapendwa kwa haki, lakini kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, hasa begi likiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, hulainika na kunata, ikaacha madoa kwenye nguo na kuvuta vumbi. Wako watengenezaji waliolitatua jambo la mvua kwa njia nyingine: kampuni ya Billingham ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1973 na ambayo kwanza ilitengeneza mabegi ya wavuvi, huweka tabaka la mpira katikati ya vitambaa viwili. Hata turubai tupu lisilotiwa chochote si dhaifu kama linavyodhaniwa, kwani nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vipenyo vya ufumaji. Litakuhimili kwenye manyunyu hadi upate kibaraza cha kujikinga. Kwa mvua kubwa weka mfuko wa plastiki mzito ndani ya begi na usitegemee miujiza.

Wapo pia mafundi, Lamu hasa, wanaoshona mabegi kutokana na matanga makuukuu ya majahazi. Nayapenda mno kwa macho, na kitambaa kilichokwisha kusafiri baharini kina heshima yake. Hata hivyo, jua hula pamba, na tanga limekaa juani kwa miaka. Ukitaka begi la namna hiyo kwa kamera, hakikisha mkanda na kitako ni vya kitambaa kipya, na tanga libaki kuwa sura ya nje.

Pete na bizimu zipimwe kwa sumaku ndogo. Ikinasa, ndani kuna chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na chumvi ya Pwani itakitia kutu itakayofika hadi kwenye turubai. Shaba hainaswi na sumaku. Itageuka kijani kidogo, lakini haitaliwa. Sumaku haimalizi shaka yote, kwa kuwa zinki nayo hainaswi, hivyo kwaruza kidogo sehemu ya ndani ya pete: rangi ya kijivu ikitokea chini ya manjano, hiyo si shaba. Zipu iwe na meno mapana, namba 8 au 10, na uivute mara kumi mfululizo huku begi likiwa limejaa, hasa kwenye kona. Herufi za YKK, kampuni ya Japani inayosifika kwa zipu, peke yake zisikuridhishe, kwa sababu zinaghushiwa.

Kwa ndani, bonyeza sponji kwa kidole mpaka mwisho. Ukigusana na kidole cha upande wa pili, hiyo ni sponji ya godoro, inayonyonya maji na haitaikinga lenzi. Inayofaa ni ngumu kiasi, ya aina ya soli za kandambili, yenye unene wa kama sentimita 1, na chini ya begi iwe nene zaidi. Pima pia kina cha ndani kwa rula. Ile lenzi ya 70–200 niliyoitaja ina urefu wa karibu sentimita 20 bila kikinga jua chake, na haitasimama wima kwenye begi la kina cha sentimita 18, hata muuzaji akuapie vipi.

Ukishindwa kupata begi la kukuridhisha Kariakoo, kwenye mitumba ya Mchikichini au Gikomba, lishonwe. Usimpelekee fundi nguo, ambaye cherehani chake kitavunja sindano kwenye tabaka la tatu. Mtafute fundi wa viti vya magari, kwani ana mashine nzito na uzi mnene. Mpelekee turubai lako, sponji yako na mkanda wako, na umchoree njia ya mkanda ukipita chini ya kitako, kwa kuwa asipochorewa atauishiza ubavuni kama alivyozoea. Mwambie pia kingo zote za ndani zifungwe kwa utepe, zisiachwe zikitoa nyuzi zitakazoingia kwenye kamera.

Begi likishafika nyumbani, lijaze mchele au vitabu vya uzito wa mzigo wako mara moja na nusu, ulitundike kwenye msumari imara usiku kucha. Asubuhi kagua mishono ya mkanda kwa tochi. Tundu lolote la sindano lililotanuka na kuwa mviringo mrefu limekuonyesha mahali begi litakapoachia, nawe bado una nafasi ya kulirudisha kwa fundi kabla ya kuweka kamera ndani. Kamera yenyewe usiilaze humo ukirudi kazini, kwa sababu turubai huhifadhi unyevu, na ukungu kwenye kioo cha lenzi hupenda mahali palipo na giza na unyevu kuliko pengine popote.