Tawi la benki limehama, mzazi umpangeje

Mama yangu ni mkulima wa korosho huku Kusini mwa Tanzania, hela zake zinaingia benki kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Zamani ilikuwa lazima apande gari alfajiri akapange foleni dirishani. Tawi la karibu lilipohamishwa wakaambiwa watumie simu na wakala wa benki tu, na yeye ana kitochi, simu ndogo ya vitufe. Nilikaa naye siku mbili tukapanga kila kitu, na kama una mzazi wa hivyo nakuomba ufanye mapema, usisubiri msimu.

Anza na laini. Piga *106# kwenye simu yake muone laini imesajiliwa kwa jina la nani, maana wazee wengi wanatumia laini aliyosajili mjukuu, siku ikipotea mjukuu yuko Dar na akaunti ya benki imeunganishwa na namba hiyo hiyo. Kama sio yake, sajilini nyingine kwa kitambulisho chake cha NIDA halafu nendeni tawini kubadilisha namba, na hapo hakuna njia ya mkato, wakala hawezi kukusaidia.

Mkiwa hukohuko tawini maliza yote yanayotaka mtu wa benki, ulizia akaunti isije ikawa imelala, mwombe menyu ya simu inayoanza na *150* ile isiyohitaji bando, na kadi mpya kama ya zamani imeisha muda. Mama alama za vidole zilikataa kabisa, jembe la miaka arobaini limevisugua, dada wa benki akampa kitambaa chenye maji afute, wakajaribu kidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho cha kushoto ndio kikasoma. Kwa hiyo usiende saa tisa wakati wanakaribia kufunga.

Wakala mchague, tena wawili, mmoja akiishiwa floti, yaani hela ya kufanyia miamala, uende kwa mwingine. Kipindi cha malipo ya korosho cash inaisha mapema sana, piga simu kwanza uulize. Mfundishe mzazi abonyeze PIN mwenyewe, hata wakala awe mtoto wa jirani. Makato yanatoka kwenye akaunti, akiombwa hela ya pembeni akatae. Na mtandao ukikata asiache hela mezani eti "nitakuwekea baadaye", hiyo hapana, arudi nayo nyumbani. Risiti zile za mashine zinafifia haraka, piga picha.

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" peleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, na mzazi ajue benki haimpigii mtu kuuliza PIN.

Sisemi matawi yafe. Mkopo, mirathi, akaunti iliyofungiwa, hela iliyopotea njiani, mambo hayo mzee anahitaji meza na mtu wa kumtazama usoni, ndio maana kwenye simu ya mama nimeandika namba ya tawi juu kabisa, kabla hata ya yangu.